Watano Kwanza: Shajara ya Kujenga Gildi ya Nairobi

Aprili 2024

Tarehe 29 mwezi huu Albion Online, gemu ya mtandaoni ya wachezaji wengi, inafungua seva ya Ulaya, yaani kompyuta kuu za kuendesha gemu, na mitambo yake iko Amsterdam. Kwa sisi tunaocheza kutoka Nairobi hii ni habari kubwa. Mpaka sasa tulikuwa na njia mbili tu: seva ya Marekani, iliyokuwepo tangu gemu itoke 2017, na ile ya Singapore iliyoanza 2023. Umbali wa seva unausikia kidoleni. Unabonyeza ngao, ngao inachelewa, na rungu la adui limeshakufikia. Amsterdam ni afadhali kwetu.

Kuna sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Kwenye seva mpya kila mtu anaanza mikono mitupu. Hakuna gildi, yaani kundi rasmi la wachezaji, yenye ghala lililojazwa kwa miaka, hakuna mkongwe wa kutufukuza kila pembe ya ramani. Kama kuna wakati wa kujenga kundi la Wakenya litakalosimama, ndio huu.

Wengi wameniuliza kwa nini Albion na si gemu nyingine zenye picha za kupendeza. Jibu ni simu. Tangu Juni 2021 Albion inachezwa kwenye Android na iPhone katika ulimwengu ule ule wa wenye kompyuta, na tangu 2019 hulipi chochote kuingia. Kijana wa mtaa wa Pipeline mwenye simu ya kawaida anasimama bega kwa bega na mwenye kompyuta ya bei ya pikipiki. Kwa gemu nyingine ningekuwa naandikisha watu wa mitaa miwili mitatu tu ya jiji hili.

Sasa muundo. Gildi moja ya Albion inaweza kubeba watu 300, na msafara mmoja, yaani kundi linalotoka pamoja, watu 20. Nimeamua tusitazame namba hizo kabisa. Tunaanza na kikosi cha watano: tanki mmoja wa kutangulia na kubeba mapigo, mponyaji mmoja, washambuliaji watatu. Ndicho kipimo kinachotosha kwa mapango ya makundi, na ndicho kipimo ambacho mtu mmoja asipokuja, wanne waliobaki wanajua jina lake na wanampigia simu. World of Warcraft, gemu nyingine ya aina hii, ilipotoka 2004, mapambano yake makubwa yalihitaji watu 40. Mwaka 2007 wakashusha hadi 25 na 10, na leo pambano lao gumu kuliko yote ni la watu 20. Waliowahi kukusanya arobaini usiku wa siku ya kazi wanaelewa kwa nini hakuna aliyelilia ile namba ya zamani kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mradi huu: hatuandikishi mtu kwenye gildi, tunamwandikisha kwenye kikosi. Kama hakuna kikosi chenye nafasi, anasubiri hadi watimie watano wa kuanzisha kingine.

Mei 2024

Kikosi cha kwanza kimekamilika. Tanki ni fundi wa simu wa mjini. Mponyaji ni mama wa watoto wawili anayeishi Umoja, na hucheza baada ya kuwalaza. Washambuliaji ni mwanafunzi wa chuo anayekaa Kayole, dereva wa teksi za programu, na mwenzetu mmoja aliye kazini Doha.

Watu wanapenda kujiunga wakidhani kila mmoja anataka kitu kimoja. Si kweli, na si jambo jipya. Richard Bartle, mmoja wa wawili waliotengeneza MUD ya kwanza, gemu ya maandishi ya wachezaji wengi, kule Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika 1996 kwamba wachezaji ni wa aina nne: wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kuvumbua, wanaokuja kwa ajili ya watu, na wanaofurahia kuwaangusha wengine. Mimi sikai na kumpima mtu kwa karatasi. Namuuliza swali moja tu: jana ulipoingia kwenye gemu, ulifanya nini kwanza? Aliyekwenda sokoni kulinganisha bei ni tofauti na aliyekimbilia kwenye gumzo kuuliza nani yuko. Wote nawataka. Ila siwaweki wavumbuzi wanne kwenye kikosi kimoja, kwa sababu watapotea kila mmoja na njia yake na tanki abaki peke yake mlangoni mwa pango.

Swali la pili ni la vitendo: unacheza kwa waifai ya nyumbani au kwa data ya kununua? Sio kumbagua mtu. Anayecheza kwa data hatumpi kazi ya kukaa saa nzima akilinda mahali, na masasisho makubwa ya gemu anayashusha akiwa kwa rafiki mwenye waifai. Kikosi kinachojua hali ya kila mtu hakimlaumu mtu kwa kitu asichoweza kukibadilisha.

Mei 12 nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia Afrika Mashariki zilikatika, na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Pingi yetu, yaani muda wa ujumbe kwenda seva na kurudi, ambayo ilikuwa imetulia chini ya milisekunde 200, ikapanda mpaka mtu unamwona adui amesimama kumbe ameshakuzunguka. Kikosi hakikuvunjika. Tuliacha mapango tukahamia kazi za Lymhurst, mji wa ndani ya gemu tuliouchagua kuwa kwetu: kukata miti, kusokota nguo, kutengeneza silaha za daraja la nne. Karibu kila kitu kinachovaliwa Albion kimetengenezwa na mchezaji fulani, kwa hiyo siku mbaya za mtandao zinaweza kuwa siku za karakana. Ghala letu lilianza kujaa wiki zile.

Juni 2024

Ratiba. Kikosi cha kwanza Jumanne na Ijumaa, cha pili Jumatano na Jumamosi, saa tatu usiku mpaka saa tano. Baada ya saa tano hakuna safari rasmi, hata kama mambo yamenoga. Watu wana kazi asubuhi, na dereva wetu huamka alfajiri.

Suala la saa lilihitaji uangalifu kuliko nilivyotarajia. Saa ya gemu inafuata UTC, saa ya kimataifa, na Nairobi iko mbele kwa saa tatu. Saa tatu usiku yetu inasomeka 18:00 kwenye gemu. Ukiwa na saa ya Kiswahili kichwani, jumlisha tatu tu: saa tatu ni sita ya jioni ya gemu, saa nne ni saba. Aliye Doha ana saa sawa na sisi, lakini kuna mmoja wa kikosi cha pili aliye Manchester, na Waingereza hugeuza saa zao Oktoba. Kila tangazo sasa linaandikwa mara mbili, kwa Kiswahili na kwa tarakimu za gemu, na anayetangaza ndiye anayehakikisha zinalingana.

Jumanne ya Juni 25, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, hatukucheza. Nchi ilikuwa na mambo mengine.

Julai na Agosti 2024

Hapa ndipo gildi nyingi hufia: mali ya pamoja. Nimeshuhudia makundi mazuri, yenye watu wanaopendana, yakisambaratika kwa ajili ya fimbo moja ya uponyaji ambayo hakuna aliyejua imekwenda wapi. Nitaandika kwa kirefu, kwa sababu atakayekuja kushika nafasi yangu atakutana na jambo hili kabla ya mengine yote.

Njia ya kale ya kugawana ni pointi. Ilianza kwenye EverQuest, gemu ya 1999. Ukishiriki kuua joka unapata pointi, ukitaka kitu kilichodondoka unazitumia. Ni haki kwa kundi kubwa lisilofahamiana. Kwa watano wanaofahamiana inawafanya wahesabiane kila pumzi, na mponyaji mwenye watoto, asiyeweza kuja kila usiku, anabaki nyuma daima. Tuliijadili jioni nzima tukaiacha.

Aliyetupa njia ni mponyaji wetu. Yeye ni mweka hazina wa chama cha akiba cha akina mama pale mtaani kwao, na alituuliza kwa nini tunahangaika wakati kila mmoja wetu amekulia nyumba yenye daftari la chama. Akatupangia hivi. Vitu vya safari vinauzwa sokoni. Sehemu moja kati ya tano inakwenda ghala la gildi, zinazobaki zinagawanywa sawa kwa waliokuwepo, bila kujali nani amefungua sanduku. Mweka hazina si kiongozi wa gildi. Anayetoa si anayeandika. Na kila mwisho wa mwezi hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya wote, hata kama ni silva chache, hela za gemu.

Gemu yenyewe inasaidia. Masanduku ya gildi yana kumbukumbu ya nani ametia nini na nani ametoa nini, na kila sehemu ya sanduku unaweza kuiwekea watu wake. Sehemu ya kwanza ni ya kila mwanachama: chakula, dawa, nguo za daraja la nne za kujifunzia. Ya pili ni ya viongozi wa vikosi. Ya tatu ni ya mweka hazina na mwandishi wake peke yao. Mimi mwenyewe sina ufunguo wa ya tatu katika desturi yetu, ingawa gemu inanihesabu kuwa mkuu na hainifungii mlango.

Haki hizi si mapambo. Februari 2009, kwenye EVE Online, gemu ya vita vya angani, muungano wa Band of Brothers, uliokuwa miongoni mwa wenye nguvu kuliko wote, ulivunjwa kutoka ndani na mkurugenzi wake mmoja aliyehamia upande wa adui. Hakupigana na mtu. Alikuwa na haki ya kuuvunja, akaitumia, na jina la muungano likapotea pamoja na himaya yake ya nyota. Tangu nilipoisoma habari ile sitoi haki yoyote kwa ajili ya urafiki au kwa ajili ya mtu kuwa wa siku nyingi. Naitoa kwa kazi inayofanyika wiki hii, na kazi ikiisha haki inarudi.

Kuna kanuni moja tuliyoongeza, ya fidia. Kwenye maeneo ya buluu na ya njano ukishindwa unaanguka na kuamka na nguo zako. Kwenye maeneo mekundu na meusi aliyekuua anachukua ulichovaa, isipokuwa vile vinavyoharibika palepale. Mtu akipoteza vazi lake la wiki mbili hivi hivi, anaacha kucheza. Kwa hiyo: ukifa kwenye safari rasmi, umevaa ulivyopangiwa, ukifuata sauti ya kiongozi, ghala linakuvika usiku huo huo. Ukifa ukizurura peke yako, pole sana, tutakusindikiza kutafuta vingine.

Septemba 2024

Safari ya kwanza ya kikosi cha kwanza kwenda Caerleon. Mji huo umezungukwa na maeneo mekundu, na wafanyabiashara wake wa soko la magendo hulipa vizuri. Tulikuwa na mzigo wa wiki kadhaa za karakana.

Nitaeleza dakika moja tu ya safari ile. Tumebakiza ramani moja, tunatoka kwenye kijia chembamba, na wapanda farasi saba wanatokea kulia. Desturi ya watu wenye hofu ni kutawanyika, na walio saba wanawamaliza mmoja mmoja. Kijana wa Kayole alishaanza kugeuza farasi. Tanki wetu, ambaye ndiye sauti ya kikosi, akasema maneno machache tu: "Shukeni wote, mje kwangu. Kaka, usikimbie, rudi." Kisha, "Mathe, mimi kwanza." Mponyaji akamjibu kwa utulivu ule ule anaoutumia kuwaambia watoto wake wanawe mikono: "Niko nyuma yako, kijana. Songa tu."

Tanki alijitupa katikati yao na rungu, wawili wakapigwa butwaa, na washambuliaji wetu wote watatu wakamwangukia mmoja ambaye tanki alimtaja kwa jina. Alianguka. Wengine sita wakasita, na kusita kule ndiko kulikotupa nafasi ya kusogea mpaka kwenye lango la ramani. Tuliingia wanne. Kijana wa Kayole aliangushwa hatua chache kabla ya lango, kwa kuwa alikuwa amechelewa kurudi.

Hakuna aliyemkaripia. Kabla ya saa tano usiku alikuwa amevikwa upya kutoka ghalani, mwandishi ameandika vitu vyote alivyopewa, na mzigo uliofika umeuzwa na kugawanywa kwa watano, si kwa wanne. Ijumaa iliyofuata ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia.

Mambo mawili ya vitendo kutokana na usiku ule. Sauti ni moja tu wakati wa pambano. Wengine wanasema neno wakiulizwa, au wakiwa wanakufa. La pili ni la wenye simu: kabla ya kuingia eneo jekundu, weka simu hali ya kutosumbuliwa. Simu ikiita katikati, gemu inarudi nyuma ya skrini, na mponyaji wa kikosi anasimama kama gogo huku mjomba akisalimia. Pia shusha ubora wa picha mpaka chini, toa kifuniko cha simu, na usicheze ikiwa kwenye chaja. Simu nyingi zinazoendesha Discord, programu yetu ya kuongea, na Albion kwa pamoja hupata moto baada ya nusu saa, na zikipata moto zinaanza kukokota.

Novemba 2024

Vikosi ni vitatu sasa. Cha tatu ndicho kilicholeta ugomvi.

Mshambuliaji mmoja alimtolea mponyaji wa kikosi chake maneno machafu, maneno ambayo mwanamume asingeambiwa. Yule dada alikuwa ametoka gildi nyingine kwa sababu hiyo hiyo, na alinitumia ujumbe mfupi tu kwamba anashukuru, anaondoka. Nilimwomba anipe mpaka kesho.

Utaratibu wetu ni huu. Kiongozi wa kikosi anaongea na mhusika faraghani, akiwa na mmoja wa wakubwa wa gildi. Mbele ya watu kila mtu hulinda sura yake, ndiyo maana hatuanzii hapo. Akikiri, anamwomba radhi aliyemkosea moja kwa moja, na anakaa nje ya safari kwa wiki mbili. Akikataa, anatoka, na fungu lake la mali analipwa mpaka silva ya mwisho ili asiwe na la kusema mtaani. Huyu alikataa. Aliambiwa, "Kaka, ujuzi wako tunauheshimu, lakini hapa hukai." Akalipwa, akatoka. Alikuwa mshambuliaji hodari kuliko wote wa kikosi kile, na kikosi kilipwaya kwa majuma kadhaa. Ningeamua vivyo hivyo tena leo. Mponyaji mmoja anayejisikia salama anafanya washambuliaji watatu wa kawaida wapigane kama wakali, na gildi ambayo dada zetu hawawezi kukaa ndani yake sina haja ya kuijenga.

Na kwa kuwa Novemba na Desemba shule zimefungwa na vijana wanaomba kujiunga kwa wingi: aliye chini ya miaka kumi na minane anaingia kwa mzazi au mlezi kuzungumza nami kwa simu kwanza. Hawi peke yake kwenye chumba cha sauti na mtu mzima, na saa nne usiku anatoka. Wazazi wawili walishangaa kwamba kuna mtu aliyewapigia.

Januari 2025

Jambo la mwaka huu ni viongozi. Vikosi vyote vitatu vinaongozwa na watu walewale walioanza navyo, na tanki wetu wa kwanza ana mtoto anayezaliwa Machi. Hatasema, lakini ameanza kuchoka, nasikia kwenye sauti yake.

Mpango ni kuwa kila kikosi kimpe mwanachama mwingine sauti usiku mmoja kati ya miwili ya wiki. Kuanza kwenye mapango ya maeneo ya njano, ambako ukianguka huporwi nguo zako, na nguo za daraja la nne. Kwa kuwa Albion haina kazi ya kuzaliwa nayo, na silaha uliyoshika ndiyo inayoamua wewe ni nani, kila mtu pia anakuza kazi ya pili kwenye Ubao wa Hatima, ramani ya ujuzi ya gemu. Anayetaka kuongoza anatakiwa awe amecheza tanki au mponyaji kwa muda, ili akitoa amri ajue anamwomba nani afanye nini.

Kijana wa Kayole ndiye aliyejitolea kwanza. Jumanne hii anaongoza kikosi cha kwanza, saa tatu usiku, 18:00 ya gemu. Tanki wa zamani atakuwa mshambuliaji na ameahidi kunyamaza. Mponyaji amesema atamsikiliza kama anavyomsikiliza yeyote, mradi ajue anakokwenda. Mwandishi ameshatenga nguo seti mbili za akiba sehemu ya pili ya sanduku. Orodha ya kikosi cha nne ina majina matatu: tunatafuta tanki na mponyaji, wa Nairobi au wa kwingineko, mwenye nafasi Jumatatu na Alhamisi.